Mama wa Ubatizo wa Mtoto wa Caro

Siku za kazi, Felisia Kokushubira wa Bukoba alikuwa akinunua jinzi kule Xintang, pembeni ya jiji la Guangzhou, Uchina, kwa ajili ya wenye maduka wa nyumbani. Jumapili alikuwa mwenyekiti wa jumuiya ya Wakatoliki waongeao Kiswahili, na hiyo ndiyo kazi aliyoionea fahari. Kama Mhaya yeyote anayejiheshimu, alikuwa na la kusema juu ya kila jambo: nani kachelewa misa, nani anakomunika bila kuungama, nani anaimba sauti ya pili kama anaita mbuzi. Walimnung'unikia sana, lakini mtu akiugua, mlango wa kwanza kubishwa ulikuwa wake.

Mwaka uliofuata Olimpiki, viza zikawa ngumu. Ya Felisia iliisha, na wakala wake kila akipigiwa simu akawa anajibu "mei you", hamna. Askari nao walikwisha kugundua kwamba kuwapata Waafrika hakuhitaji kuzunguka madukani. Ilitosha kusimama getini pa kanisa misa ya Kiingereza inapotoka. Ndani hawakuingia. Ukikutwa huna viza ni mahabusu, faini, kisha ndege, na Guangzhou ndiyo umeiaga. Felisia alikuwa na watoto wawili shule ya bweni na hawakuwa na baba wa kuwalipia. Guangzhou ndiyo ilikuwa baba yao.

Basi akaacha kwenda misa. Alisali rozari chumbani, akijituliza kwamba hata mapadri wa kale waliohubiri katika mji huu waliwahi kufukuzwa wakapelekwa Makau kwa Wareno. Historia hiyo alikuwa amewasimulia wanajumuiya hadi wakaichoka.

Kisha Caro, Mkenya wa Nairobi, akajifungua, akamtaka Felisia awe mama wa ubatizo. Msimamizi hatumi mtu: sheria hiyo Felisia mwenyewe ndiye aliyeishikilia kwa meno. Alishamkatalia mwanajumuiya Jovitus aliyetaka kusimamia ubatizo kwa simu kutoka mji jirani wa Shiling, tena mbele za watu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Sasa Jovitus alikuwa anangoja kuona.

Akaenda. Aliingia mapema pamoja na vikongwe wa Kichina, akakaa karibu na altare na kilemba chake kimenyooka.

"Unamkataa Shetani?" padri aliuliza kwa Kiingereza.

"Namkataa," Felisia alijibu kwa Kiswahili, kwa sauti iliyofika mlangoni.

"Na kazi zake zote?"

"Nazikataa."

"Na fahari zake zote?"

"Nazikataa!"

Maji yakamwagwa, mtoto akalia, kina mama wakapiga vigelegele. Felisia alifurahi kweli kweli, hata akasahau geti.

Misa ilipokwisha, Jovitus aliyetangulia kuchungulia alirudi mbio. "Dada, wapo. Wanaomba pasipoti."

Caro akampakatisha Felisia mtoto haraka. "Auntie, beba mtoi. Jumapili iliyopita hao makarao hawakusumbua mamathe yeyote ako na mtoto. Sema ni wako, utapita tu. Papers zangu ziko sawa, niko nyuma yako."

Felisia alimbeba. Watoto wake wa Bukoba walimjia akilini, akazidi kumkumbatia huyu. Getini alisimama askari kijana, na kweli kina mama wenye watoto aliwapungia mkono wapite. Alimtazama kichanga, akatabasamu, akauliza kwa Kichina kama ni wake. Kichina cha sokoni kilitosha kuelewa hilo. Wala hakuonekana kungoja jibu. Alishaanza kusogea pembeni kumpisha.

Felisia hakusogea.

"Sema ndio, Auntie!" Caro alinong'ona nyuma yake. "Itikia kwa kichwa tu!"

Felisia akageuka, akamrudishia Caro mtoto wake.

"Mwanangu, sasa hivi nimemkataa Shetani mbele ya watu wote," alisema, machozi yakimtoka. "Hata maji hayajamkauka mtoto kichwani."

Akafungua mkoba, akamkabidhi askari pasipoti.