Dinamo ya Masaba

Wallahi, nilianza kufunga dinamo za taa za baiskeli nikiwa Nalufenya, Jinja, kabla sijahamia huku Busiu, na sijawahi kuona taa ikimponza mtu. Kwa Masaba niliona, kwa macho yangu haya, na mpaka sasa sijapoa.

Masaba ni mchukuzi wa matoke. Zamani alikuwa akibeba samaki wa Masese, kulekule Jinja, kwa baiskeli, na huko ndiko tulikojuana. Kisha akarudi kwao Busiu akamwoa Nandutu, na sasa kila alfajiri anapakia mikungu nyuma ya baiskeli na kupiga pedali mpaka soko la Mbale. Ana adabu mpaka inaudhi. Mwenzake akikutana na mtu njiani angepunga mkono akapita zake. Yeye lazima asimame, ashuke, aulize za nyumbani, na mzigo wote ule nyuma yake. Nimemgombeza mpaka nimechoka.

Lakini hao ni watu wa kawaida. Kuna mama mkwe. Kwa Wagisu, wenyeji wa huku, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Mimi Msoga niliyakuta hayo huku nikacheka, nikanyamazishwa. Wakikutana njiani, mmoja anakwepa na mwingine anageuza uso. Jina halitajwi, mkono haushikwi. Tangu harusi, Masaba na Mama Nandutu hawajasemezana hata neno moja. Na mama huyo kila alfajiri anakuja senta, hapa penye maduka yetu, na kikapu cha mboga kichwani, kwa barabara ileile ya Masaba. Walikuwa wakipishana gizani bila kujuana, na hakuna aliyekosewa heshima.

Siku moja, gizani, lori likamkwaruza Masaba begani. Nandutu, ambaye ni mja mzito, akamwambia wazi kwamba hataki kulea mtoto asiye na baba, aende akaweke taa. Ndipo akaniletea baiskeli.

Kazi niliifanya vizuri, nasema mwenyewe. Dinamo nikaifunga kwenye uma wa mbele, kichwa chake kikigusa ubavu wa tairi sawasawa. Rangi nikaikwangua mpaka chuma kikang'aa, maana chuma chenyewe ndicho kinachorudisha umeme. Waya wa taa nyekundu ya nyuma nikauvuta juu ya fremu na kuufunga kwa vipande vya tyubu. Nikamwambia, nikarudia: hii si betri. Gurudumu likizunguka inawaka, likisimama ni giza. Ukitaka kusimama, toka barabarani kwanza. Akaitikia ndiyo bwana, ndiyo bwana, huku akiipapasa taa kama mtoto aliyenunuliwa nguo ya Idi.

Kesho yake, baada ya swala ya alfajiri, nilisimama mlangoni nikamwona akipita na mzigo wake. Taa ya mbele inameremeta, ya nyuma nyekundu kama kaa la moto. Nikajisifu kimoyomoyo. Mara mwanga wa mbele ukamwangukia mtu usoni, mwanamke mwenye kikapu. Alikuwa Mama Nandutu.

Lo! Masaba akabana breki palepale, juu ya lami. Vichakani hawezi kuingia, mzigo unamwelemea. Akavuta koti akajifunika kichwa kizima. Mama naye akageukia migomba. Taa zikafa zote mbili. Na nyuma, kutoka Tororo, lori linakuja.

Nilipiga kelele, mngurumo wa lori ukazimeza. Masaba alilisikia lori lakini hakusogea hata kidogo. Baadaye alituambia alijua dereva anamwona, si ana taa nyuma? Ndani ya koti lake hakujua kwamba imezimika.

Aliyejua ni mama. Alipousikia mngurumo aligeuza shingo, na pale palipokuwa na taa hapakuwa na kitu. Akatupa kikapu, akaingia barabarani, akamkumbatia mkwe wake kiunoni kwa mikono yote miwili, wakaanguka mtaroni pamoja. Lori likaipiga baiskeli ikaruka. Matoke yakatapakaa mpaka mlangoni kwangu.

Watu wakatoka majumbani. Dereva akashuka, hakuna aliyemjali. Wote walikuwa wakiangalia mtaroni, wameduwaa. Masaba amekaa, koti bado kichwani, na mama mkwe wake amemshika mkono. Mzee mmoja akaanza kunong'ona kwamba hili ni jambo zito, wazee waitwe. Mwanamke mwingine akamwambia mama amwachie, watu wanaona.

Hakumwachia. Alikuwa akihema, mchicha umemganda mabegani, na mkono wake mwingine unampapasa Masaba kichwani juu ya koti, akitafuta damu.

"Masaba," akasema.

Masaba akazidi kuinama, akilishikilia koti lisimtoke. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba hajaumia, na akamwomba amsamehe, amemkosea heshima mbele za watu.

"Heshima tutaitafuta kesho," mama akasema, na sasa alikuwa analia. "Toa hilo koti, mwanangu, nikuone kama u mzima."

Akalitoa. Wakatazamana.