Sabuni ya Masaka

Mama alikuwa na visigino vilivyopasuka kwa umande wa malishoni. Kila jioni alivipaka samli, na kila jioni nami niliwaza: ipo siku nitamletea kitu cha kuvilainisha. Basi nilipokwenda Masaka na kaka kumwona mama mdogo, nikamkuta mwanamke sokoni anauza sabuni alizopika mwenyewe, zinanukia mchaichai. Kila kipande alikizungushia karatasi yenye maandishi ya Kiganda. Nikanunua kimoja. Njia nzima, hata kwenye kivuko cha Kagera, nilikuwa nakinusa, nikimwona mama anaingia kanisani kwa madaha.

Tulipofika nyumbani Bweranyange, mama aliipokea kwa mikono miwili. Akachota maji, akalowesha mkono. Kisha akasita.

"Imepikwa kwa mafuta gani?"

Lilikuwa swali la haki. Kwetu sisi wafugaji, kondoo ni muziro, mwiko wa ukoo: nyama yake hatuli, wala mafuta yake hayagusi ngozi zetu.

"Karatasi itasema," nikamjibu. Shule yangu ilikuwa ndogo, lakini herufi nilizijua. Nikasoma kwa sauti maneno nisiyoyaelewa.

Kaka akacheka. "Umemletea mama sabuni au mtihani?"

Nilipofika kwenye *ente*, mama akatabasamu. Ng'ombe kwa Waganda ni ente, na kwetu ni ente. "Endelea, mwanangu." Nikasoma *endiga*. Tukatazamana. Kwetu hakuna mnyama wa jina hilo.

Jirani yetu Mhaya, aliyewahi kuchuma buni Buganda, alikuwa anapita na mkungu wa ndizi begani. Kaka akamkimbilia. "Shikamoo, mzee. Endiga ndiyo nini?"

"Marahaba. Si kondoo huyo! Hata Waganda wapo ambao kondoo ni mwiko wao. Muuzaji kaandika ili wasije wakamlaumu."

Nikatazama mkono wa mama uliolowa, nikatazama visigino vyake. Machozi yakanilenga. Nikasema nitaitupa.

"Uitupe, na wewe umeibeba safari yote hiyo?" Akajifuta mkono. Akaiacha sabuni ndani ya karatasi yake, juu yake akaongeza jani kavu la mgomba, akaiweka sandukuni katikati ya nguo za kanisani. "Ngozi ndiyo ina mwiko. Pua haina."

Jumapili visigino vyake vilikuwa na samli kama kawaida. Mimi nilitembea nyuma yake mpaka kanisani, nikinusa mchaichai.