Nilimpitisha Farasi wa Mume Wangu Msituni

Kosa ni langu, simtafuti wa kumtwika. Nawaambia ninyi msionijua, maana anayestahili kuambiwa nalala naye kitanda kimoja na mdomo haufunguki.

Mume wangu alikuwa mwendesha gari la farasi kwenye nyumba moja ya shamba huku Matuga. Wenye nyumba huja likizo tu. Siku nyingine zote farasi ni wake yeye, na jamani, alimpenda! Amwogeshe, amsemeshe, mpaka nikimwambia, "Huyo ni mke mwenzangu," naye acheke.

Sharti lake lilikuwa moja: farasi asipelekwe upande wa msitu wa Shimba. Huko kuna mbung'o, na wakimuuma farasi humtia maradhi ya kumuua.

Basi akaenda Wasini kumuuguza mamake. Huku nyuma binti wa kaka yangu anaolewa, na kwao bwana harusi ni kando ya msitu huohuo. Kaka akaniomba gari la farasi. Nami na kiherehere changu! Nilitaka watu waseme shangazi mtu kaleta makubwa. Nikajiambia, nzi tu hao, wataua nini? Kaka akashika hatamu, tukaenda kwa vigelegele, tukarudi. Mume wangu alipofika, sikumwambia kitu.

Haukupita muda, farasi akaanza kususa majani. Miguu ikavimba, mbavu zikatoka. Daktari wa mifugo akauliza kama alifika msituni. Mume wangu akanigeukia: "Mke wangu, alitoka huyu?"

"Atoke aende wapi?" nikamjibu, tena kwa ukali.

Akaniamini. Daktari akatoa dawa ya minyoo, akaenda zake. Wallahi, ningalisema pale pale labda angalipona! Aliporudi kumpima damu, maradhi ya mbung'o yalikuwa yamekwisha kummaliza.

Alikufa asubuhi, kichwa kiko mapajani mwa mume wangu. Nikamsikia akimwambia, "Nisamehe, baba. Ni mimi, sikufyeka kile kichaka nyuma ya zizi, mbung'o wakajificha humo." Akalia mtu mzima yule! Nami nimesimama mlangoni na kikombe chake cha chai.

Wenye nyumba wakamwachisha kazi, wakasema ni uzembe wake. Hakujitetea. Siku hizi hukaa barazani tu.

Na juzi, mbele ya ndugu zake, akanishukuru kwa kumtunzia farasi wake siku zile alipokuwa Wasini. Ole wangu! Nilikimbilia jikoni nikajifanya moshi umeniingia machoni.

Dada zangu, kukosa sote twakosa. Lakini ukiulizwa, sema! Sema siku ile ile, dawa ingali inafaa, hata kama utarudishwa kwenu. Mimi niliogopa kugombezwa, nikaishia kupewa ahsante, na hakuna talaka ingeniuma kama ahsante ile.