Limezima Likinguruma

Dereva wa gari la kusukuma theluji huvaa glovu iliyokatwa ncha ya kidole kimoja, kile cha kubonyezea kamera. Kila asubuhi humpa Ardis lifti akafungue mkahawa wake, na njia nzima huimba wimbo uleule, eti kulungu huogopa ukimya kuliko kelele. Picha zake zimejaa ukutani kwa Ardis: kulungu jike, mweupe pe, pua na masikio ya waridi. Mti au uzio wowote wa kutambulika ameukata kwa mkasi, mahali pasijulikane. Wageni wakiuliza amempiga picha wapi, hujibu, "Kwenye theluji," na wenyeji huinamia kahawa zao wakicheka.

Picha ya kulungu huyo na mwanawe ndiyo aliyokuwa bado hajaipata, na Ardis alikwisha kuipigilia msumari ukutani. Juzi, wakiwa njiani, dereva na Ardis wakawakuta kulungu wote wawili kando ya ziwa, barafu ikiwa bado nyembamba. Dereva akainua kamera. Mara nyuma yao likatokea gari la wageni wa Chicago, wamejitokeza madirishani wakipiga mbinja. Wakishtuka tu, kulungu wangekimbilia ziwani. Dereva akaiweka kamera mapajani, akalikingamisha gari lake barabarani.

"We mzee, toa gari!"

"Limezima!" akawajibu, injini ikinguruma.

Kulungu wakajiondokea taratibu, wakaingia msituni.

"Na ule msumari wangu?" Ardis akauliza.

"Nitatundikia kofia, dada," akasema, akaendelea na wimbo wake, kidole kitupu kikigongagonga usukani.