Ufa wa Chumba cha Koko

Mimi nilitaka kompyuta. Naliweka hili wazi mapema, mtu asije akadhani nilizaliwa nikipenda udongo. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, na chuo kimoja pale mjini Bukavu kilikuwa kimetangaza kozi za bure kwa wanafunzi kama sisi, kila Jumamosi mchana. Bure! Kwetu, mtaa wa Cimpunda, neno hilo liliwatia watu wasiwasi. Jirani mmoja alimwambia mama kwamba labda wanatafuta figo zetu. Mama alicheka, lakini Jumamosi ya kwanza alinisindikiza mpaka getini, akawatazama walinzi mmoja mmoja kwa makini.

Hapo getini nikagombana na mlinzi aliyedai sketi yangu si ya uniformu. Nilikuwa na mdomo siku zile, na sijui kama umepungua. Nilipomaliza kumshinda, orodha ya kompyuta ilikuwa imejaa. Sekretari, mama mmoja mwenye miwani, akaniambia pamebaki nafasi katika kozi ya udongo na milima.

"Milima?" nikasema. "Mama, mimi naishi kwenye mlima. Naupanda kila siku na bidoni ya maji kichwani. Nitafundishwa nini tena?"

"Basi utakuwa wa kwanza darasani," akanijibu, na akaniandika bila hata kuniangalia.

Mwalimu wetu alikuwa kijana mwembamba, msaidizi wa maprofesa, ambaye chuoni walimwita asistani. Hakukaa darasani sana. Alitutoa nje, tukashuka na kupanda vichochoro, akituonyesha miti iliyopinda shina na nguzo za umeme zilizolala upande mmoja. Alisema udongo hauanguki ghafla, ila sisi ndio tunaoshtuka ghafla. Nilianza kumpenda kidogo, nakiri, ingawa viatu vyangu viliisha. Jumamosi ya tatu akatupa kazi: kila mmoja atafute ufa kwenye ukuta wa kwao, abandike kipande cha karatasi juu yake kwa gundi, pande zote mbili, kisha aandike tarehe. Karatasi ikichanika, ukuta unatembea.

Mimi sikuwa na haja ya kutafuta. Ufa wetu ulikuwa nyuma ya kitanda cha koko.

Koko ni mama yake papa, yaani bibi yangu mzaa baba. Babu alipofariki, papa alikwenda kumchukua kule kijijini Miti, alikokuwa na shamba na nyumba yake, akamleta kwetu mjini. Papa alikuwa fundi wa kujenga, na nusu ya kuta za mtaa wetu zilipita mikononi mwake. Chumba cha koko alikijenga peke yake, nyuma ya nyumba, ukingoni kabisa mwa kiwanja, pale mteremko unapoanza. Alikiwekea dirisha kubwa ili koko aone jua. Alimwambia mbele yetu sote kwamba hatalala tena kwenye nyumba ya mtu. Kwa hiyo chumba kile kilikuwa neno la papa, na ndani yake alilala mama yake.

Nilipokuwa nabandika karatasi, koko alinishikia chupa ya gundi, akaniuliza ni dawa ya nini. Nikamwambia ni kazi ya chuo. "Basi weka muzuri," akasema, "isianguke." Papa alipita mlangoni akasimama.

"Uko nafungulia nyumba yangu kesi?"

Alicheka, lakini chai yake hakuimaliza asubuhi ile.

Karatasi ilichanika siku ya nne. Nilipima kwa rula: milimita mbili. Nikasema mezani, mbele ya kila mtu, kwa sauti ya ushindi ambayo hadi leo inanitia haya. Papa akanijibu kwamba Bukavu nzima ina nyufa, ni mvua na jua tu, na kwamba mikono yangu haijawahi kushika hata tofali moja. Nikamwambia ukuta hauna shida, shida ni udongo chini yake. Akasema, "Kula." Nikainuka nikaacha sahani yangu.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kutoka chuoni nikakuta ufa haupo. Ukuta mzima umepigwa lipu mpya, krepi kama tunavyosema sisi, laini, imesuguliwa kwa sponji hadi pembeni. Papa alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono imejaa sementi, ananingoja kama mtu aliyeniletea zawadi. Karatasi yangu iliyochanika alikuwa ameibandua polepole, akaiweka ndani ya daftari langu isipotee.

"Nimekutengenezea," akasema. "Sasa mwalimu yako hatasema mutoto ya fundi analala mu nyumba yenye kupasuka."

Nililia kwa hasira. "Papa, umefuta kazi yangu!" Aliniangalia haelewi, halafu akaanza kunawa mikono. Siku tatu sikumsemesha, na nilihakikisha anajua kwamba simsemeshi. Mama aliniita kichwa-mbuzi. Koko peke yake alifurahi, maana ukuta ulikuwa mzuri.

Mvua ikanyesha Jumanne na Jumatano. Alhamisi asubuhi, nikivaa kwenda shule, nilimsikia koko akilalamika kwamba kuna mchanga kwenye mto wake. Papa akaingia na koti lake la kazi, nami nikamfuata kwa udaku tu. Nikamkuta amepiga magoti juu ya kitanda, kiganja kimeegemea ukuta.

Lipu yake ilikuwa imepasuka.

Leo najua vizuri alichokuwa anakiona. Lipu mbaya hupasuka ovyo ovyo, vinyufa kama nywele kila mahali, kwa sababu imekauka haraka au mchanga umezidi. Hii ilikuwa imekatika mstari mmoja, kuanzia sakafuni mpaka dirishani, palepale pa zamani. Papa alipitisha ukucha wake juu ya mstari, na ukucha ukakwama: upande mmoja ulikuwa umeshuka kuliko mwingine. Akaupitisha tena. Na tena.

"Krepi yangu haipasukake hivi," akasema taratibu.

Hakuwa anajisifu. Alikuwa anauamini ukuta wake kuliko alivyoniamini mimi, na ukuta wenyewe ndio ulikuwa umemwambia. Akageuka akakaa kitandani kwa koko, akaniangalia.

"Mwalimu yako alisema karatasi ikichanika, watu wafanye nini?"

Nilikuwa nimeyaandaa maneno makali ya siku hiyo, yote, na yote yalinitoka kichwani. Papa hakuwahi kuniuliza kitu ambacho yeye hakijui. Nilimwona mzee ghafla, na nilimhurumia.

"Alisema watoke, papa."

"Leo?"

"Leo."

Akainuka. Kazini hakwenda. Alibeba kitanda cha koko mwenyewe hadi sebuleni, akarudi kuchukua godoro, sanduku na picha ya babu. Koko alimfuata huku na huku. "Ulinijengea chumba, sasa unanitosha inje?" Papa akaweka sanduku chini. "Ndiyo, maman. Nilikijenga muzuri. Fasi, hapa penyewe, ndiyo iko mubaya." Akaliinua tena sanduku.

Nikamwambia papa kwamba asistani alisema uzito wa jengo unausukuma udongo ushuke. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akapanda kwenye paa. Siku tatu tulishusha: kwanza mabati, halafu matofali kutoka juu, moja moja, yeye akinipa na mimi nikipanga mbele ya nyumba. Majirani walikuja kutazama. Wakauliza kama fundi amelewa, anabomoa kwake mwenyewe. Mmoja, anayekaa juu yetu kidogo, alisema hii ndiyo faida ya masomo ya bure. Papa akanipa tofali jingine. Mimi niliwajibu, na siyo yote niliyosema yanafaa kuandikwa.

Jumapili ya pili baada ya hapo, mvua ilianza kabla ya misa na haikukatika. Tulikuwa tunakula mchana, koko akilalamika kwamba wali hauna chumvi, tuliposikia nyuma ya nyumba kitu kama gunia la maharage linamwagwa. Kwisha. Tukatoka. Sakafu ya chumba haikuwepo, wala migomba iliyokuwa chini yake. Palikuwa na shimo jekundu na maji yanapita. Nyumba yetu kubwa ilisimama. Hakuna mtu aliyeguswa.

Koko alitazama pale kitanda chake kilipokuwa. Halafu akaushika mkono wa papa, ule mkono mkubwa uliokauka kwa sementi, na hakuuachia alasiri nzima, hata wageni walipokuja kutupa pole. Nililia tena, safari hii bila hasira. Nilitaka kumwomba papa msamaha kwa zile siku tatu za kimya, na sikujua nianzie wapi.

Wiki haikuisha. Yule jirani wa juu alibisha hodi jioni moja, kofia mkononi. Jikoni kwake kuna ufa, akasema, papa amusaidie kupiga krepi kabla mvua haijarudi. Nilikuwa nakaa mezani na daftari langu. Papa alimsikiliza, akaacha mwiko wake wa kujengea palepale ulipokuwa.

"Krepi nitapiga," akasema. "Lakini huyu aangalie kwanza."

"Huyu nani?"

"Mutoto yangu. Ukuta, muniulize mimi. Udongo, yeye ndiye anaujua."

Akasimama mlangoni, akanisubiri nivae viatu.