Ndiyo ya Mkono wa Kuume

Kazi yangu ni kusukuma vitu. Nasukuma neno kidogo kushoto, nalirudisha kidogo kulia, nakuza herufi, napunguza herufi, halafu naegemea kiti na kukodoa macho mpaka mama yangu aulize kama naumwa. Mambo hayo niliyasomea Goma, na huko nilikuwa nikiwatengenezea watu sura za programu za telefone: kitufe kikae wapi, maandishi yawe makubwa kiasi gani, nini kitangulie na nini kifuate. Kazi ya Goma ilipolala, nilirudi kwetu Masisi na kompyuta yangu mgongoni. Kilima kizima kikaja kuniuliza kama naweza kutengeneza redio.

Siwezi kutengeneza redio. Wa kwanza nilimjibu kwa adabu, waliofuata nikawajibu kwa sauti.

Wakati huo koperative yetu ya wakulima ilikuwa na mashine moja tu ya kusaga mihogo, nayo ilikuwa chini, senta, kando ya barabara. Sisi tuko juu. Mama na wenzake walishuka na vitunga vya mihogo mikavu mgongoni, kamba imewakaa kwenye paji la uso, halafu wakapanda tena na unga. Mvua ikinyesha, ile njia inateleza utadhani imepakwa sabuni. Magoti ya mama yalikuwa yamechoka. Alikuwa akifika nyumbani anakaa kwenye kizingiti na kitunga chake bado mgongoni, kwa sababu kukitua kulihitaji kuinama. Kila nilipomwona vile nilikasirika, na hasira zangu huwa haziko mbali. Nikaanza kusema kwa kila mtu kwamba mashine ihame, ipande juu kwetu.

Wachuuzi wa barabarani waliitaka ibaki pale pale. Kiongozi wa koperative, mzee mmoja wa kikoti ambaye sote tunamwita Papa Prezida, hata watoto wake wa kuzaa, alitangaza kwamba yeye hana upande. Wanachama wapige kura. Lakini wanachama utawakusanya wapi? Wengine walikuwa wamehamia upande wa Walikale, wanalima msituni kule Itebero, na kutoka kule kuja kwetu unatembea mpaka viatu vikukatae. Vijana wako Rubaya wanabeba mawe ya madini. Isitoshe, siku hizi watu wakikusanyika wengi mahali pamoja, hakosekani mtu wa kuja kuuliza kuna nini. Ikaamuliwa kura ipigwe kwa telefone, kila mwanachama kwa namba yake ya koperative, na programu itengenezwe na mimi, kwa kuwa redio zilinishinda.

Nikatengeneza kitu kizuri, acha nijisifu. Swali lilikaa juu: mashine ya kusaga ihamishwe kuja kilimani? Chini yake kitufe cha Ndiyo, na chini ya Ndiyo kitufe cha Hapana, vyote vimeanzia mstari mmoja wa kushoto, vina nafasi ya kupumua. Nikampelekea Papa Prezida nyumbani kwake ili akiidhinishe. Aliishika telefone yake mbali, mkono umenyooka, kidevu juu, kama mtu anayekagua ng'ombe ambaye hataki kumnunua.

"Cheo yangu iko wapi?"

"Papa, hii iko ya kura tu."

"Sasa muntu atajua aje nani anamuuliza? Andika kule juu: Papa Prezida wa Koperative. Weka katikati."

Nikaandika, nikaweka katikati. Akasema kubwa zaidi. Nikakuza. Akanyoosha mkono tena, akakunja uso, akasema zaidi. Nikakuza tena. Tuliendelea hivyo mpaka cheo kikameza karibu nusu ya kioo, na mimi nikawaza kwamba tukifika asubuhi ya pili itabidi tumtafutie telefone nyingine ya kumalizia herufi zilizobaki. Mwishowe akatabasamu.

"Haya. Sasa iko muzuri." Halafu kidole chake kikashuka kwenye vitufe. "Na hii Ndiyo, sababu ya nini umeilalisha juu ya Hapana? Weka moja kuume, ingine kushoto. Ndiyo njo ya kuume."

"Papa, zikikaa pembeni-pembeni, nafasi itakuwa kidogo."

"Mama yako hakukufundisha? Unaweza kupa muntu kitu na mukono ya kushoto?"

Hapo alinishinda. Kwetu ukimpa mtu mzima kitu kwa mkono wa kushoto, hata kama ni maji na ana kiu, umemtukana, na aliyekuzaa ametukanwa pamoja na wewe. Mke wake, aliyekuwa akipukuchua maharage kwenye mlango wa jikoni, alitikisa kichwa kukubali. Jibu lolote lingefika kwa mama yangu kabla yangu. Nikaweka Hapana kushoto na Ndiyo kuume, vya upana mmoja, na kusema kweli vilipendeza.

Programu ikapita kutoka telefone hadi telefone, ikavuka vilima, ikafika Itebero. Majibu yakaanza kurudi. Nilipoyajumlisha nilidhani nimekosea, nikajumlisha upya. Hapana ilikuwa imeshinda, tena kwa mbali, na waliokataa sana hawakuwa wachuuzi wa senta. Walikuwa ni kina mama wa juu. Wenye magoti mabovu wenyewe walikuwa wameikataa mashine.

Nilirudi nyumbani nimefura. Mama alikuwa anatandaza mihogo juani.

"Mama, kwa ile kura ulijibu nini?"

"Hapana."

"Sababu ya nini?"

"Njo yenye ilikuwako, ile moja tu."

Nikamwambia alete hiyo telefone. Haikuwa yake peke yake. Kwenye kilima chetu telefone yenye kioo kikubwa ni ya nyumba kadhaa kwa pamoja, na herufi zake hufuata macho ya aliye mkubwa kuliko wote. Ile ya upande wetu ilikuwa imepangwa kwa macho ya jirani mmoja, bibi aliyezaliwa kabla ya njia ya magari kufika huku. Herufi zimevutwa mpaka mwisho, na hakuna mke wa mtu anayeweza kuthubutu kuzipunguza. Kumpunguzia mzee herufi ni kumwambia amezeeka. Kule mtaa wa pili nako ni hivyo hivyo, na kule bondeni pia. Mimi Goma nilizoea kila mtu na telefone yake na macho yake.

Nikaifungua programu, na hapo nikaona. Cheo cha Papa Prezida kilikuwa kimejaa juu. Swali lilikuwa limebanwa chini yake. Na mwisho kabisa, Hapana ilikuwa imenenepa, imejitanua kutoka kushoto mpaka ukingoni, na ile Ndiyo yetu ya heshima, Ndiyo ya mkono wa kuume, ilikuwa imesukumwa nje ya kioo. Ilibaki kona yake tu, kipande chembamba cha kijani ambacho hata mimi ningekichukulia kuwa pambo.

"Na bale bamama bengine?"

"Bote tulifinya Hapana. Tuliona mumeisha kata maneno. Bakubwa bakiuliza vile, banapenda tu ujibu na heshima. Tukajibu na heshima."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikaona kwamba mama hacheki. Alikuwa amekubali, kwa adabu kabisa na kwa kidole chake mwenyewe, kuendelea kubeba kitunga mpaka siku magoti yatakapokataa. Tena haikumshangaza. Nilimhurumia, nikamkasirikia, nikawakasirikia waliomzoesha kuulizwa namna hiyo, vyote kwa mkupuo.

Siku iliyofuata nilikaa na kompyuta. Vitufe nikavifundisha kujipima: herufi zikiwa ndogo, vikae pembeni-pembeni, Ndiyo kuume kama tulivyofunzwa na wazazi. Herufi zikiwa kubwa, vishuke vyenyewe, Ndiyo juu, Hapana chini, kila kimoja kichukue upana wote, na asiwepo wa kumsukuma mwenzake nje. Swali nalo nikalipa nafasi yake ambayo halinyang'anywi. Cheo nikakifunga kamba. Kisizidi mstari mmoja, hata mwenye telefone akuze herufi namna gani. Kamati ya koperative ikakubali kura irudiwe, mradi Papa Prezida aidhinishe.

Nilimkuta uani. Mke wake alikuwa anafunga kitunga cha mihogo, tayari kushuka senta. Papa Prezida akainyoosha telefone mbali, kidevu juu.

"Umenipunguza," akasema.

"Kidogo tu, Papa. Lakini swali inaonekana muzuri?"

"Muzuri sana."

Hapo uchokozi ukanipanda. "Imeandikwa nini?"

Akaangalia. Akasogeza telefone mbali zaidi, mpaka mkono ukaisha. Akaileta karibu na pua, akairudisha kule kule.

"Wewe njo uliandika," akasema, "sasa mimi njo unauliza?"

Akakohoa, akaangalia mlima. Na mimi hapo nikaelewa. Kwenye kioo kile kizima, cheo chake ndicho kitu pekee alichokuwa anaweza kukisoma. Ile kubwa zaidi, kubwa zaidi, yote ile, ilikuwa mzee anatafuta mahali pa kuonea. Nilikuwa nimemchezea shere kila nilipopita, nimemwigiza mkono na kidevu chake mbele ya wenzangu hadi wakalia, na sasa niliona aibu kweli.

"Papa, lete kidogo. Kuko kitu nilisahau."

Nikaingia kwenye mipangilio ya telefone yake, nikazivuta herufi mpaka mwisho, kama za yule bibi jirani yetu. Nikamrudishia. Mkono wake ulianza kunyooka kama kawaida, halafu ukasita katikati, na kiwiko kikakunjika chenyewe. Midomo ikaanza kutikisika.

"Ma-shi-ne... ya kusaga..." Akasoma mpaka mwisho. Akarudia tangu mwanzo, safari hii bila kukwama. "Kumbe njo hii mulikuwa munauliza?"

Mke wake aliacha kamba.

"Na ile ya kwanza," akamuuliza, "ulijibu nini?"

"Nilifinya."

"Ulifinya nini?"

Papa Prezida alikitazama kidole gumba chake. "Yenye ilikuwa karibu na kidole."

Nilitamani kuwa mahali pengine. Mama yule hakupaza sauti. Alijifuta mikono kwenye kitenge, akaichukua telefone, akalisoma swali mwenyewe, polepole, midomo ikitembea. Akabonyeza Ndiyo kwa namba ya mume wake, akaigeuza telefone na kumwonyesha kioo, kama unavyomwonyesha mtu sahani aliyoiosha vibaya. Kisha akaiweka mfukoni mwa kikoti cha mzee.

"Haya," akasema. "Sasa vua kikoti, beba kitunga. Mashine ingali kule chini."

Mwanaume wa kwetu habebi kitunga kwa kamba ya paji la uso, sembuse Papa Prezida. Alinitazama mimi, labda nimtetee, na mimi nikanyoosha mkono kupokea kikoti. Akainama. Mke wake akamwekea kamba, akaikaza kama anavyojikazia mwenyewe kila siku, akatangulia njiani bila kugeuka.