Baiskeli Yenye Pembe

Jina la baiskeli ile nilikuja kulijua miaka mingi baadaye. Huko ilikotoka waliitengenezea watu wanaoogelea, wakitoka majini wapande baiskeli, wakishuka wakimbie kwa miguu, yote siku moja na kwa hiari yao wenyewe. Sisi Buswelu tuliinunua kwa ajili ya maziwa.

Ilikuwa miaka ya tisini, biashara imeshafunguliwa. Zamani baba alipata baiskeli kwa kibali, baada ya kusubiri mpaka akasahau kwamba aliomba. Sasa zilishushwa mjini kutoka kwenye makontena kama viazi, mitumba ya kila rangi. Na bahati ikaja kwa njia ya kuvunjika: baiskeli yetu nyeusi, ile nzito niliyopelekea maziwa mjini kila asubuhi, ilipata ufa shingoni mwa fremu. Fundi akasema ataichomelea. Baba akakataa.

"Chuma kilichochomelewa hakiaminiki," alisema. Akauza ndama dume, akanichukua tukaenda Kirumba kutafuta nyingine.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na nilitaka kitu kimoja tu duniani, kushinda mbio za baiskeli za wanawake. Mara mbili nilishindana nikiendesha ile nyeusi, na mara mbili nilichapwa na mama mmoja kutoka Kamanga, ng'ambo ya ziwa. Alikuwa akivuka na feri asubuhi, anatushinda, anapokea zawadi, anawahi feri ya kurudi bila hata jasho kumkauka. Nilimheshimu kwa midomo tu. Moyoni nilikuwa nikimsubiri.

Kwa muuzaji, mtu wa mjini mwenye kofia na maneno mengi, nilitekwa hapo hapo. Palikuwa na baiskeli ya mbio ya kijani, tairi nyembamba, gia kumi, usukani umejikunja kwa chini kama pembe za kondoo. Nilishika breki zake, mikono ikatulia yenyewe. Kando yake ilisimama nyingine, ya bluu, nayo ya mbio lakini ya ajabu: katikati ya usukani zilichomoza fito mbili kwenda mbele, na nyuma ya fito kulikuwa na visahani viwili vyenye sifongo.

"Hivi ni vya nini?" baba aliuliza.

Muuzaji hakujua, ila alikuwa muuzaji. "Mzee wangu, hapo ndipo pa kuwekea mzigo. Wazungu wanaweka mizigo mbele ili waione."

Nilimwona baba anapima zile fito kwa kiganja, na nikajua nimekwisha. Dumu la lita kumi lingelala pale kama lilitengenezewa.

"Baba, naomba hii ya kijani."

"Hiyo ya kijani dumu linakaa wapi?"

"Tutaifungia keria nyuma."

"Yenye keria tayari ipo, mayu. Tena iko mbele."

Aliponiita mayu, yaani mama kwa lugha yetu, nilizidi kuwaka, maana baba huwaita hivyo binti zake akishaamua jambo. Nilisema baiskeli gani ina pembe kama mbuzi. Nilisema nitachekwa kuanzia Kirumba hadi Nyegezi. Yule muuzaji akageuka kukagua mnyororo usiokuwa na tatizo. Baba alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akasema maneno aliyokuwa amekuja nayo toka nyumbani.

"Baisikeli ni ya maziwa. Mwaka huu utakimbia nayo. Ukishinda, iwe yako ya kukimbilia, maziwa nitajua mwenyewe. Usiposhinda, mambo ya mashindano tumeyamaliza."

Nikalipanda lile libaiskeli la bluu, nikarudi nalo Buswelu nikilia kwa hasira.

Wiki mbili nililifunga dumu juu ya zile fito kwa mipira ya tyubu, na wiki mbili lilinigongea. Likiwa limejaa lilitulia. Likiwa tupu lilipiga kelele njia nzima kama ngoma ya wachawi. Asubuhi moja nikitoka mjini na upepo wa ziwa umenigeukia usoni, kelele ile ilinichosha. Niliinama, nikalikumbatia dumu kwa mikono yote miwili ili linyamaze, viwiko vikaangukia kwenye vile visahani.

Upepo ukaisha.

Yaani ulikuwepo, niliusikia ukipita juu ya mgongo wangu, lakini haukunishika tena. Miguu ilikuwa ile ile, na baiskeli ilikuwa inakwenda kama imefunguliwa kamba! Nikainuka, upepo ukanikamata kifuani. Nikalala, ukaniachia. Nikainuka tena, nikalala tena, nikacheka peke yangu barabarani hadi mwanamke aliyekuwa akichuma mchicha akaniuliza kama niko salama. Nilitamani kushuka nimbusu. Ile haikuwa keria. Ilikuwa kitanda!

Sikumwambia baba. Hilo ndilo kosa langu katika habari hii, na nililifanya kwa furaha, nikijiwazia uso wake siku ya mbio.

Mbio zilianzia Nyegezi hadi Usagara na kurudi, mara mbili. Wanaume walipewa asubuhi iliyotulia, sisi tukaachiwa saa saba mchana, upepo wa ziwa ukiwa umeamka. Safari hiyo nilishukuru. Dumu nililiacha nyumbani. Wenzangu waliziona zile pembe wakanitania kwamba nimekuja kulima.

Ila ndani ya kundi lile nilijuta. Wanawake ishirini bega kwa bega, na ukilala kwenye zile fito mikono inakuwa mbali na breki. Nilijaribu mara moja, baiskeli ikayumba, nikapigiwa kelele: "Shika usukani, wewe!" Katika kundi ile ya kijani ndiyo ingenifaa. Yule mama wa Kamanga alijificha nyuma ya migongo ya wenzake, ametulia, anatungoja tuchoke.

Tulipogeuka Usagara mara ya pili nikasema sasa au basi. Nikachomoka peke yangu, nikalala, nikaanza kukanyaga kwa nguvu zangu zote. Nilipochungulia nyuma chini ya kwapa langu, kundi lilikuwa dogo. Nilipochungulia tena sikuliona. Mapafu yaliungua na mimi nilikuwa nikifurahi kama kichaa. Ziwa likatokea kwa mbali, halafu mabati ya Nyegezi, halafu watu pande zote mbili za barabara.

Hao watu hawakuwahi kumwona mtu aendeshaye baiskeli akiwa amelala kifudifudi. Nilisikia mmoja akipiga yowe: "Amezimia! Huyo amezimia!" Na wengine wakadakia.

Baba alikuwa mbele yao na kibuyu cha maziwa ya mgando. Nilimwona anakitupa. Nilimwona anaingia barabarani, mzee wa watu, mikono imepanuliwa kama anazuia ng'ombe.

"Baba, toka! Mimi mzima!"

Hakusikia. Na breki zilikuwa mbali. Alinidaka na baiskeli yangu, tukaenda chini wote watatu kwenye majani, yeye akinimwagia usoni maji aliyomnyang'anya mtu na kuniita mayu, mayu, amka. Nilikuwa macho kabisa, namtazama. Mpaka alipoelewa, na kuniinua, na kunisukuma, kundi lilikuwa limepita. Niliwafuata wote nikawapata, isipokuwa mmoja. Yule mama alinishinda kwa tairi moja, akanipa mkono akasema, "Dada, ni wewe ulikuwa wa kwanza." Kisha akawahi feri yake.

Tulirudi Buswelu. Baba alichechemea, mimi nikakokota baiskeli. Sikumlilia ahadi. Nilikuwa sijashinda, na kwa baba neno ni neno.

Asubuhi nilipotoka kufunga dumu, baba hakuwepo. Maziwa hayakuwepo. Baiskeli ya bluu ilikuwa ukutani, imeoshwa, mipira ya tyubu imefunguliwa kwenye fito na kuviringwa vizuri juu ya kiti.

Alirudi mchana, kwa miguu yake inayouma, akikokota ile nyeusi, dumu tupu limefungwa nyuma. Shingoni pa fremu paling'aa kovu jipya la fundi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Niliitazama ile sehemu. "Si ulisema chuma kilichochomelewa hakiaminiki?"

Baba aliiegemeza baiskeli ukutani, mbali na yangu, akafungua dumu.

"Kwa maziwa kinatosha," alisema.